Mfalme Alilipa

Ndugu zangu wa Ufipa, mama zangu, wazee wangu, fungueni Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 24. Tauni imeingia Israeli. Watu 70,000 wamekwisha kufa. Nabii Gadi anamwambia mfalme Daudi apande akajenge madhabahu kwenye kiwanja cha kupuria cha Arauna Myebusi. Arauna si Mwisraeli. Ni mtu wa kabila lililoshindwa vita. Mji wake ulitekwa, naye amebaki na ng'ombe wake na kiwanja chake cha kupuria ngano. Anamwona mfalme anapanda na watumishi wake, anatoka, anaanguka kifudifudi, anauliza bwana wake amejia nini. Akisikia ni kiwanja, anasema chukua. Chukua na ng'ombe wawe sadaka, chukua na vyombo vya kupuria viwe kuni. Bure kabisa.

Simameni hapo nami. Shughuli ile ilikuwa ya watu wote, si ya Daudi peke yake. Ilikuwa ya haraka, maana watu walikuwa wanakufa. Ilikuwa imeagizwa na Mungu mwenyewe kwa kinywa cha nabii. Na mwenye mali alikwisha kuridhia! Kila sababu ambayo mwenye mamlaka huitoa ili asilipe, Daudi alikuwa nayo mkononi. Akazikataa zote. Alisema hawezi kumtolea Mungu wake sadaka ambayo haikumgharimu kitu. Akapima shekeli 50 za fedha, akampa Arauna, na madhabahu ikajengwa baada ya fedha kubadilisha mikono.

Najua mahubiri ya ardhi katika nchi yetu huanza na Nabothi na shamba lake la mizabibu. Leo nimemwacha Nabothi kwa makusudi. Mfalme Ahabu alilitaka shamba hilo liwe bustani yake ya mboga karibu na nyumba yake ya kifalme. Hiyo ilikuwa tamaa tupu, na kila msikilizaji hutoka kanisani akijua mwovu ni nani. Jambo letu ni gumu zaidi. Barabara si bustani ya Ahabu. Barabara ni kitu chema, na swali lililo mbele yetu ni hili: chema hicho kikifika na greda lake mpaka mlangoni pa mtu, kimfanyie nini mtu huyo?

Asije mtu akasema nahubiri kupinga barabara. Nani aliyekulia Ufipa atathubutu? Wenye umri wa kukumbuka wanajua njia ya Tunduma ilivyokuwa wakati wa masika. Lori la mahindi lilizama kwenye tope, utingo akalala chini yake siku nenda siku rudi, na mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Mbeya alihesabu mashimo badala ya kilometa. Mkoa wetu, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, umelisha nchi hii kwa miongo mingi. Mahindi yalikuwepo, njia haikuwepo, na mlanguzi alinunua gunia kwa bei aliyoitaka kwa sababu ya tope lile lile. Kisha tarehe 17 Februari 2008, Rais Kikwete na Rais Bush wa Marekani wakatia saini Dar es Salaam mkataba wa dola milioni 698 kupitia shirika la misaada la Marekani, MCC, na ndani ya mkataba huo zilikuwamo kilometa 224 za kutoka Tunduma hadi hapa Sumbawanga. Ikaja lami ya kuelekea Kanazi na Mpanda. Ikaja ya Matai kushuka Kasanga ziwani. Nyingine bado tunazidai, nasi tutaendelea kuzidai. Mungu asifiwe kwa kila kilometa.

Lakini lami haitandazwi hewani. Inalazwa juu ya ardhi, na ardhi ile ilikuwa na mwenyewe.

Na mwenyewe huyo alifikaje pale kando ya njia? Vijana, waulizeni babu zenu. Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini. Wazee wetu wengi waliacha matongo yao huko ndani, pamoja na makaburi ya wazazi wao, wakaja kupangwa mistari kwa mistari mahali gari linapofika, ili shule na zahanati ziwafikie. Serikali ndiyo iliyowaonyesha pale. Ndiyo maana nasema kwa nguvu zote: mjukuu wa watu hao asiitwe mvamizi wa hifadhi ya barabara kabla mtu hajafungua jalada na kuuliza ni kipi kilichotangulia, nyumba ama mpaka wa barabara.

Tunasifiwa upole, sisi Wafipa. Mgeni akifika tunampisha, tunampigia makofi ya heshima, tunamsikiliza mpaka amalize hata kama anachosema kinatuumiza. Ni zawadi kubwa kutoka kwa wazee wetu na sitaki tuipoteze. Ila nimeona jinsi inavyotumika dhidi yetu. Mtu anasomewa kiasi cha fidia ambacho hakitoshi hata bati za nyumba anayobomolewa, anainamisha kichwa, anasema asante bwana, anaweka dole gumba. Arauna naye alisema chukua! Alisema hivyo akiwa amelala kifudifudi mbele ya mfalme mwenye jeshi. Daudi hakuihesabu hofu ile kuwa ridhaa. Wewe mwenye kalamu na karatasi, usiihesabu heshima ya mzee wa Mpui kuwa ridhaa.

Sasa sikieni habari njema ambayo wengi hawajahubiriwa. Katiba yetu, Ibara ya 24, inasema mtu asinyang'anywe mali yake isipokuwa kwa sheria inayompa fidia inayostahili. Kuna watu waliwahi kuambiwa kwamba ibara hiyo haiwahusu wakulima wasio na hati. Mzee mmoja wa mkoa wa Arusha, Lohay Akonaay, pamoja na mwanawe Joseph, hawakukubali. Ardhi yao ilikuwa imechukuliwa wakati wa Operesheni Vijiji, ile ile ya kuwahamishia watu vijijini. Wakaenda mahakamani kuidai. Na ilipotungwa sheria mwaka 1992 ya kuzifuta haki kama zao na kuwafungia mlango wa mahakama, wakaishitaki sheria yenyewe. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani. Desemba 1994, Jaji Mkuu Francis Nyalali akasoma hukumu: haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, inalindwa na Ibara ya 24, na hata mahali pasipo jengo wala mazao, jasho ambalo mtu ameliweka katika ardhi hiyo linastahili fidia.

Jasho! Hapa kwetu neno la Jaji Nyalali lina udongo ndani yake. Mtu akipita na gari kwenye nyanda zetu baada ya mvua huona vilima vidogo vya udongo vimetapakaa shambani, akadhani ni shamba lililoachwa. Zile ni intumba. Mama ameinama pale na jembe wiki nzima, amekata nyasi, amezigeuza na udongo wake na kuzifukia zioze, ili msimu unaofuata aubomoe udongo ule uliojaa rutuba na kuutandaza kwa ulezi au mahindi. Hakuna mfuko wa mbolea uliotoka dukani. Mbolea ni mgongo wake. Mthamini akifika mwezi wa nane akaandika kwamba hapa ni ardhi tupu, ameandika uongo, na mama huyo anayo haki ya kumwambia hivyo kwa adabu na kwa sauti inayosikika.

Baada ya hukumu ile zikaja sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, ambazo zilianza kazi Mei 2001. Zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Zinasema haki ya kimila ya mwanakijiji ina hadhi sawasawa na ile ya mwenye hati ya mjini. Mwenye shamba Laela na mwenye ploti Sumbawanga mjini wako mbele ya sheria moja. Asiwepo mtu wa kukwambia wewe ni wa kimila, wewe chukua hiki.

Tazameni siku ya uthamini inavyokwenda. Mthamini anafika na mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji. Anapima nyumba kwa futi, anaandika tofali za kuchoma au za udongo, bati au nyasi, sakafu ya saruji au ya vumbi. Anahesabu mikaratusi, migomba, miparachichi. Kisha mwenye nyumba anasimamishwa mbele ya mlango wake, anapewa karatasi yenye namba aishike kifuani, anapigwa picha. Dakika chache tu, na wanahamia kwa jirani. Picha hiyo ndiyo itakayokaa kwenye jalada, na jina lililoandikwa chini yake ndilo litakaloitwa benki.

Basi nawasihi: mtu asikose siku hiyo. Usiseme nimekwenda mnadani. Tembea na mthamini hatua kwa hatua. Choo kiandikwe. Kisima kiandikwe. Msingi ulioumwaga mwaka juzi ukakwama kwa kukosa saruji, uandikwe. Tanuru la tofali ulilolichoma, liandikwe. Kabla hujatia saini, fomu isomwe kwa sauti kwa Kiswahili. Kama macho yako hayaoni vizuri, mwite mjukuu. Piga picha ya kila ukurasa kwa simu. Karatasi yenye nafasi tupu usiisaini, hata ukiambiwa watajaza ofisini, hata ukiambiwa gari linaondoka.

Na hapa nawageukia wanaume, kwa ukali. Nani anashika ile karatasi yenye namba? Mume amefariki, mke amelima shamba lile miaka ishirini, siku ya uthamini anatokea shemeji kutoka mjini na suti, anasimama mbele ya mlango, anapigwa picha. Fedha zinaingia kwake. Mjane anabaki na masanduku kando ya barabara mpya. Huo ni wizi, ndugu zangu, na unafanywa na watu wanaokaa benchi la mbele kanisani. Wenye ndoa, jina la mke liandikwe pamoja na la mume. Mwenyekiti wa kitongoji, wewe unamjua aliyelima. Usiseme mambo ya familia hayanihusu wakati muhuri wako uko kwenye fomu.

Fidia si bei ya tofali peke yake. Wengi wamepunjwa hapa kwa kutojua, basi shikeni hesabu. Kanuni za mwaka 2001 zinataka ilipwe thamani ya ardhi kwa bei ya soko na thamani ya kilichomo, na juu yake posho ya usumbufu, inayotokana na thamani hiyo kwa kiwango cha riba ambacho benki hutoa kwa amana ya miezi 12. Anayehamishwa kwenye nyumba anayoishi hulipwa posho ya malazi: kodi ya soko ya nyumba kama ile, mara miezi 36. Kama nyumba ya aina yako inapangishwa shilingi 60,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 2,160,000, mbali na thamani ya nyumba yenyewe. Mwenye kioski, mashine ya kusaga au gereji hulipwa faida halisi ya mwezi mara 36. Faida ya shilingi 150,000 ni shilingi 5,400,000. Ila faida huthibitishwa kwa daftari na risiti! Mama ntilie, anza kuandika leo. Usafiri nao umo, gharama ya kubeba tani 12 za mizigo ndani ya kilometa 20. Ukiletewa kiasi kimoja bila mchanganuo, uliza kwa upole: posho ya malazi iko wapi? Ya usumbufu iko wapi? Kuuliza si ukaidi.

Haki haitetewi kwa uongo, na hili pia mlisikie. Hifadhi ya barabara kuu ilikuwa meta 22.5 kutoka katikati ya barabara kila upande; Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zikaifikisha meta 30. Aliyekuwa ndani ya zile meta 7.5 zilizoongezwa, barabara ndiyo iliyomfuata, naye huwekewa X ya kijani, maana yake atalipwa. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani huwekewa X nyekundu, na hana malipo. Mwaka 2017 nyumba nyingi za watu zilibomolewa Kimara hadi Kiluvya, Barabara ya Morogoro, ambako hifadhi ilihesabiwa meta 121.5 kila upande, na wenye nyumba wakaondoka mikono mitupu. Kwa hiyo pima kabla ya kujenga. Usinunue kiwanja cha bei chee kando ya lami kwa dalali asiyetaka mtendaji ajue. Na wewe unayesikia tetesi za barabara ukakimbia usiku kusimamisha banda na kuchomeka miche ya miti ili ihesabiwe kesho, unamwibia jirani yako, kwa kuwa kila banda la uongo humpa mthamini sababu ya kumtilia shaka mjane mkweli. Acha.

Nawe uliyewekewa X ya kijani, ukaambiwa usiendeleze, ukasubiri mwaka hata mwaka huku paa linavuja kwa sababu huruhusiwi hata kubadilisha bati, kilio chako nakijua. Hapa sasa nasema na waheshimiwa, na ninasema nikiwa nimevua kofia. Sheria inataka fidia ilipwe upesi, ndani ya miezi sita. Ikipita hapo, riba inaanza kuhesabiwa. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema uthamini wa fidia una maisha ya miaka miwili. Muda huo ukipita bila malipo, uthamini ufanywe upya, maana bei ya saruji haisubiri kikao. Riba hiyo si hisani. Mwananchi asilazimike kupanda basi mara tatu kuidai. Ninyi wathamini wenye dhamana ya Mthamini Mkuu wa Serikali, ninyi wahandisi, wakandarasi, wakuu wetu wa wilaya: mnafanya kazi njema, nasi tunawaombea kila Jumapili. Lakini barabara inayotumiwa na mamilioni, ambayo gharama yake imebebwa na watu wachache ambao nyumba zao zilikuwa njiani, ni sadaka ya kitu ambacho hakikumgharimu mtoaji. Aliyegharimika ni mwingine. Bajeti ya lami isipitishwe bila bajeti ya fidia, na tingatinga lisiwashwe kabla ya malipo.

Kuna mali isiyo ya mtu mmoja. Uwanja wa shule, zahanati, kisima cha kitongoji, msitu wa kijiji, malisho, kanisa tulilolijenga kwa kubeba mawe vichwani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema ardhi ya kijiji isihamishwe mpaka aina ya fidia, kiasi chake, namna na wakati wa kuilipa vimekubaliwa, na kwa eneo lisilozidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kukubali au kukataa. Mkutano mkuu ni ninyi. Wenyeviti wanne waliokaa kwa mtendaji hawana mamlaka hayo. Fedha za kijiji zikilipwa, ziingie akaunti ya kijiji na zisomwe mbele ya wote, shilingi kwa shilingi, darasa lililovunjwa lijengwe kabla ya pikipiki ya mwenyekiti kununuliwa. Na makaburi: yana sheria yake tangu 1969, yana fidia yake, na yana heshima ambayo haiandikwi kwenye jedwali. Wazee waonyeshe mapema ni wapi wamelala watu wetu, hata kaburi lisilo na msalaba, na mkandarasi asiguse mfupa kabla padri, mchungaji au mzee wa ukoo hajafika na ndugu.

Na kama mmefanya yote hayo na bado mmedhulumiwa? Msichome gari la mkandarasi. Msimpige kijana wa kupima, yeye ametumwa. Andikeni barua, kila mwenye nyumba na yake, igongwe muhuri wa kupokelewa na nakala ibaki kwenu. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inasema wiki sita zikipita tangu tangazo la kutwaa ardhi pasipo maafikiano, mdai anaweza kufungua shauri Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu ipo hapa hapa Sumbawanga. Kabla ya kuishitaki serikali hutangulia notisi ya siku 90. Anzeni kuihesabu mapema. Wasio na fedha za wakili, tangu 2017 ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wasaidizi wa kisheria wamefika hata wilayani. Nendeni kundi, si mmoja mmoja. Akonaay alikwenda na mwanawe tu, na jina lake leo linatajwa katika kila chuo cha sheria nchini.

Jumuiya zitakazokutana wiki hii, baada ya sala msitawanyike. Mwenye kijana aliyemaliza kidato cha nne amlete na simu yake yenye kikokotoo. Fomu zote za mtaa zitolewe masandukuni, zisomwe moja baada ya nyingine kwa sauti, hesabu ya miezi 36 ipigwe mbele ya kila mtu, na fomu ya mjane isomwe kwanza.